Kochi la Mkuu wa Chuo

Binti yangu alipotaja vyuo vitatu anavyotaka kuomba, nilimwuliza cha nne kiko wapi. Akasema cha nne hakuna. Nikamwambia kipo, kiko mtaa wa pili, unakwenda kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Akasema anakijua sana, ndiyo maana hakukitaja.

Ndivyo vita vilivyoanza nyumbani kwangu.

Mimi ni fundi wa makochi. Shule niliiacha bado navaa kaptula, sikuwahi kuikumbuka na yenyewe haikuwahi kunitafuta. Binti yangu tunamwita Chaki, kwa sababu tangu anatambaa alikuwa akiokota vipande vya chaki karakana na kuchora kila kitu kisichokimbia: sakafu, mbao, hata kiatu cha mteja. Alipokua nikamwachia kazi ya kupima na kukata vitambaa. Mwenzangu wa siku nyingi, Msumari, anapiga fremu. Mimi nafunika. Na wakati wa kufunika, Chaki ndiye anayenishikia kona, maana kitambaa cha kochi hakivutwi na mtu mmoja kikakaa sawa. Mmoja anashikilia kule, mwingine anavuta huku na kupiga pini. Nimefanya kazi na watu wengi wa kushika kona. Wengine wanalegeza, wengine wanavuta kama wanagombania nguo mnadani. Chaki nilikuwa simwambii kitu. Mkono wake ulijua wangu unataka nini.

Kwa hiyo nilimtaka hapa. Sikulificha hilo, nilimwambia wazi. Chuo cha mtaa wa pili kina kozi ya biashara. Asubuhi akate vitambaa, mchana akasome, jioni arudi ale kwao. Na jambo hilo nilikwisha kulimaliza na mkuu wa chuo mwenyewe. Alikuja karakana kuagiza makochi ya sebuleni kwake, kochi refu moja na madogo mawili, akasema nikiyatengeneza vizuri atanipa na viti vya ofisi zote za chuo. Nikamwambia binti yangu amemaliza shule na amefaulu, nitamleta kwake, ila asubuhi namhitaji karakana. Akasema, "Mlete." Tukashikana mikono. Mimi nikishashikana mkono na mtu, basi.

"Mkono ulikuwa wako, wala haukuwa wangu," Chaki alisema.

Tulikuwa mezani, mama yake akimimina chai.

"Vyuo vyako hivyo vyenyewe unavijua?" nikamwuliza.

"Navijua."

Cha kwanza kilikuwa cha ubunifu wa samani, mwendo wa kutwa kwa basi. Cha pili cha uchoraji wa majengo, mbele zaidi. Cha tatu ualimu wa ufundi, mbele ya hapo tena. Nikamwambia amevipanga kwa umbali, kama mtu anayekimbia moto.

"Nimevipanga kwa walivyonijibu," akasema. "Nilitafuta namba za wanaosoma huko. Kile cha kwanza nikamtafuta na aliyefeli, nikamwuliza kilichomfelisha. Akaniambia kazi ilikuwa ngumu na walimu hawana huruma. Nikakiweka cha kwanza."

"Umekichagua kwa sababu kinafelisha watu?"

"Kinafelisha wasiofanya kazi. Hiki chako kinafaulisha kila mtu. Si tulikwenda kupima viti vya ofisi? Wewe ulipima viti, Baba. Mimi nikapima chuo. Chumba cha kompyuta kina mapazia mazuri sana. Nyuma ya mapazia kuna meza tupu. Wanafunzi wa biashara walikuwa uani wanapiga soga. Nikawauliza mwalimu wao ni nani, wakatazamana."

"Pengine alikuwa anaumwa."

"Basi anaumwa tangu mwaka jana. Hebu niambie, mteja akikuletea kochi, unamtajia bei papo hapo?"

Nilijua anakoelekea. Kila anayenijua anajua kwamba sitaji bei kabla sijalivua kochi. Mteja alalamike, aangalie saa, aape kwamba ni kitambaa tu kimechakaa, mimi namwambia asubiri nilivue kwanza nizione mbao. Nimekosana na watu kwa sababu hiyo.

"Hiki chuo umekivua lini?" Chaki akauliza.

"Usinifundishe kazi yangu."

"Sikufundishi. Nakukumbusha."

"We mtoto, una mdomo!"

"Nimeurithi."

Mama yake akaweka birika chini kwa kishindo. "Baba Chaki, mtoto anaomba chuo, haombi talaka. Mwache."

"Wewe nyamaza. Akiondoka, kitambaa utanishikia wewe?"

"Kumbe," akasema mke wangu, taratibu. "Kumbe kochi ndilo linalotafutiwa mtu, wala si mtoto anayetafutiwa chuo." Akachukua kikombe chake akaenda kunywea nje, na kwa wiki nzima iliyofuata akawa anaongea nami kupitia Chaki kana kwamba mimi ni mgeni nisiyejua lugha. "Mwambie baba yako maji yako tayari." Nami nimesimama hapohapo.

Siku ya kufunga maombi ilipokaribia, Chaki aliniambia kesho yake atakwenda duka la intaneti kutuma. Vyeti lazima vipigwe picha pale na kutumwa pamoja na maombi. Vyeti vyake vyote, na kopi zake, vilikuwa ndani ya bahasha moja ya kaki kwenye kabati la chumbani kwetu.

Nikaichukua.

Sitapamba maneno. Nilijua vyuo vya mbali vikishafunga vimefunga, na kile cha mtaa wa pili kinapokea mtu hata mwaka ukiwa nusu. Siku ikipita, bahasha ingeonekana, tungeshangaa wote, na Chaki angekwenda kwa miguu kusoma biashara. Shida ilikuwa mahali pa kuificha. Nyumbani haiwezekani, mke wangu akipiga deki anahamisha hata kuta. Karakana kulikuwa na makochi ya Mkuu, yamekwisha, bado kitambaa cheusi cha chini tu. Nikalipindua moja la madogo, nikaisukuma bahasha katikati ya mikanda na sponji, nikafunika na kitambaa cheusi, nikapiga pini pande zote. Nikalifunika vivyo hivyo lile jingine na kochi refu, ili kazi ifanane. Hata mimi ukiniambia nitafute, nisingeanzia hapo.

Asubuhi Chaki alipindua nyumba. Alitoa nguo zote, akainua magodoro, akafungua hata deli la unga. Mimi nikasema naenda kununua sponji, nikaondoka. Nilichelewa kwa makusudi. Nilikunywa chai mahali, nikaongea na muuza gundi habari zisizo na maana, nikarudi jua limeshapinda.

Pale yalipokuwa makochi ya Mkuu palikuwa na sakafu tupu.

Msumari alikuwa anapiga fremu, misumari imejaa mdomoni kama kawaida yake. Ndiyo asili ya jina lake. Ukimwuliza kitu anakujibu kwa pembe ya mdomo, nusu ya maneno yanabaki kwenye chuma.

"Makochi yako wapi?"

"Mkuu kaleta gari. Kabeba."

"Yote?"

"Ulitaka aache miguu?"

"Nani kakwambia umpe?"

Hapo akaitema misumari yote kiganjani, jambo analofanya akitaka kula au kugombana. "Wewe. Jana. Ulisema jioni yatakuwa yamekwisha, akija apewe. Sasa umegeuka?"

Nilikuwa nimesema hivyo kweli, mchana, kabla ya habari ya bahasha.

Nilipogeuka nikamwona Chaki mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alikuwa ananitazama usoni jinsi anavyotazama kitambaa chenye maua, akitafuta pa kupitisha mkasi.

"Ni lipi, Baba?"

"Lipi nini?"

"Kochi."

Ningeweza kukana. Lakini mtoto niliyemfundisha mwenyewe kutafuta kasoro kwa vidole ningemdanganya vipi? "Moja la yale madogo," nikasema.

Msumari alicheka kidogo, halafu akaona uso wangu akarudisha misumari mdomoni. Mke wangu, aliyekuwa amekuja nyuma ya Chaki, hakucheka. "Umemfungia mtoto ndani ya kochi," akasema. Hakusema "mwambie baba yako". Aliniambia mimi, machoni. "Umempigia pini kabisa. Mwanaume mzima."

"Duka la intaneti linafungwa jioni," Chaki akasema. "Chukua zana zako."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Mfuko wa zana nilibeba mimi. Siku zote anaubeba yeye, siku hiyo aliuangalia pale chini akaupita. Njiani nilimwambia nilifanya kwa faida yake. Hakugeuka. Nikamwambia huko mbali hana ndugu. Akasema, "Afadhali." Nikaongeza mwendo, maana wapita njia walikuwa wanatuangalia.

Mkuu wa chuo ni mtu mnene, mwenye sauti ya kutangaza matokeo hata anapoomba chumvi. Tulimkuta sebuleni amekaa kwenye moja la makochi madogo, gazeti mapajani.

"Fundi! Umekuja kuona kazi yako ilivyopendeza? Na huyu ndiye mwanafunzi wangu?"

"Shikamoo," Chaki akasema. Hilo la mwanafunzi akalipita.

"Mkuu," nikamwambia, "kuna kitu nimesahau ndani ya kochi. Nafungua chini mara moja, natoa, nafunga."

"Kitu gani?"

"Kitu cha kazi."

"Ni vyeti vyangu," Chaki akasema.

Mkuu akamtazama Chaki, akanitazama mimi. "Vyeti vimeingiaje kwenye kochi langu?"

Nikapiga magoti, nikalipindua lile kochi dogo ambalo hakulikalia, nikang'oa pini za kitambaa cheusi. Nikaingiza mkono. Mikanda, sponji, basi. Nikaingiza mkono wa pili. Hakuna kitu.

"Hili silo," nikasema.

"Hulijui kochi ulilolitengeneza mwenyewe?" Mkuu akauliza.

"Yanafanana."

"Ndiyo sifa ya kazi yake," Chaki akasema. "Naomba usimame, Mkuu. Umekalia vyeti vyangu."

Mkuu hakupenda kuambiwa asimame nyumbani kwake. Alisimama polepole, akakunja gazeti, akabaki juu ya kichwa changu akihema kwa pua. Nikalipindua la pili. Nilipofungua upande mmoja, ncha ya bahasha ikachungulia katikati ya mikanda. Nikaivuta. Ilikuwa imekunjika kidogo pale Mkuu alipokuwa amekaa, na bado ilikuwa na joto lake.

Chaki akanyoosha mkono. Nami bado nimeishika.

"Ngoja kwanza," Mkuu akasema. Alikuwa ameshaelewa, na alivyoelewa uso wake ukafunguka. "Kumbe binti alitaka kutukimbia, ukamzuia. Safi sana, fundi. Mzazi lazima awe mkali. Nipe hiyo bahasha, namwandikisha sasa hivi. Fomu ninazo hapa ndani, hata ofisini hatuna haja ya kwenda."

"Sitaki," Chaki akasema.

"Wewe subiri, wakubwa wanaongea." Akainama karibu yangu, lakini sauti yake haijui kuinama. "Na ile shida yako ya asubuhi usiwe na wasiwasi. Hata mchana akiwa na kazi karakana, abaki hukohuko. Kozi yenyewe kwa sasa haina mwalimu, hatutamsumbua na vipindi. Jina lake litakuwepo, mtihani tutampa, cheti atapata. Si ndivyo ulivyotaka?"

Nilikuwa bado nimepiga magoti, kochi limenionyesha tumbo lake lote. Nimewahi kufungua makochi yenye kitambaa cha kumeta, ukafika ndani ukakuta mbao za masanduku, zimeunganishwa kwa gundi na maombi. Aliyeyatengeneza alijua. Lakini hata mtu wa namna hiyo, akimuuzia mteja, hamwambii usoni kwamba ndani ni takataka na amshukuru.

Na kilichoniudhi zaidi ni lile swali lake. Ndivyo nilivyotaka. Alikuwa amenisikia vizuri kabisa siku ile ya kushikana mikono.

"Unaniambia hivyo mbele yake?" nikamwuliza.

"Nakuambia nini? Nakusaidia."

"Mwanangu kafaulu. Kafaulu kuliko wote shuleni kwao. Wewe unataka umwandike jina halafu umwache akate vitambaa?"

"Wewe ndiye unayetaka akate vitambaa! Mimi nilikuwa sina habari naye!" Sasa alikuwa anatangaza matokeo kweli, nadhani hata majirani walisikia. "Unakuja kwangu, unaficha vyeti vya mtoto kwenye fanicha yangu, unanivulia makochi sebuleni, halafu unanitukania chuo?"

"Chuo umekitukana mwenyewe."

"Basi viti vya ofisi usahau. Mafundi wamejaa mjini."

"Wamejaa. Tafuta asiyejua kufungua."

Chaki alikuwa bado amenyoosha mkono. Hakuusogeza, hakuurudisha. Nikageuka nikampa ile bahasha. Nilimpa kwa hasira, kwa namna ya kumsukumia, na sitasema nilimpa kwa moyo mweupe, kwa sababu haukuwa mweupe.

"Nenda," nikamwambia. "Omba hivyo vyako vitatu. Lakini wakikufukuza huko, usije ukalia mlangoni kwangu."

"Nikifukuzwa nitajua nimekosa nini," akasema. "Hapa nisingejua." Akafungua bahasha, akakagua kimoja kimoja kama vyote vimo, hadharani, mbele yangu, ili nione kwamba haniamini. Kisha akatoka. Nilisikia viatu vyake vinaanza kukimbia kabla hajafika getini.

Tukabaki wawili, Mkuu na mimi, na makochi mawili miguu juu.

"Funga kochi langu," akasema.

Kitambaa cheusi cha chini kinaweza kufungwa na mtu mmoja, ukiwa na subira. La kwanza nikalifunga bila shida. Lakini kwenye la pili, katika kuvuta bahasha kwa haraka, nilikuwa nimeng'oa pini za kitambaa kizuri cha upande mmoja, na hicho sasa kilikuwa kimelegea kama soksi. Hicho kinataka watu wawili.

"Nishikie hapa," nikamwambia Mkuu.

"Mimi?"

"Unamwona nani mwingine?"

Akashika kona kwa vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya. Nilipovuta, akaachia. Nikamwambia ashike tena. Akashika, akavuta kwenda kwake, tukawa tunavutana kama watoto. Nikamwambia hajui kushika. Akaniambia yeye si kibarua wangu. Akaenda kukaa kwenye kochi refu, akafungua gazeti, na kila nilipopiga pini akalitikisa.

Nilikuwa bado nahangaika na kona ileile Chaki aliporudi. Alisimama mlangoni, jasho usoni, bahasha kwapani.

"Nimetuma," akasema.

"Vyote vitatu?"

"Vyote."

"Na hiki?"

Mkuu akateremsha gazeti kidogo asikie.

"Hiki sikukiweka."

Gazeti likapanda tena.

Nilitaka kusema kitu. Kilichotoka mdomoni kikawa kile ninachokisema kila siku, hata bila kufikiri. "Haya, njoo shika kona."

Alikitazama kitambaa. Aliona kabisa kasoro ilipo, nilimwona akiiona, na mkono wake ukagusa sketi kama unajifuta chaki. Halafu akaubana kwapani pamoja na bahasha.

"Shika mwenyewe, Baba," akasema. "Anza kuzoea."

Akageuka akaenda kunisubiri nje, au kwenda zake, sikujua.

Nikalilaza kochi ubavu. Kona moja nikaibana chini ya goti, nyingine nikaivuta kwa mkono wa kushoto, nikapiga pini kwa wa kulia. Pini ya kwanza ikaenda kombo na kitambaa kikakunjana. Nikaing'oa. Nikabana goti upya.